Daftari la Mwalimu wa Kwaya

Baba mdogo aliacha shamba la kakao lisilofika ekari moja, baiskeli, kinanda kidogo chenye vitufe viwili visivyolia, na kaunta buku lenye nyimbo 31. Wimbo wa 31 hauna ubeti wa pili. Upo ubeti wa kwanza, kipo kiitikio, zipo nota za sauti zote nne zilizopangwa kwa rula. Kisha ameandika "2." na baada ya hapo ukurasa ni mweupe.

Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa mwalimu wa kwaya katika usharika mmoja kati ya Ipinda na Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Alifariki mwaka juzi, Februari, wiki niliyokuwa na mitihani. Sikumzika. Watu wa kwetu hawasahau nani alikuwepo msibani na nani hakuwepo, na hawakusemi, wanakupa kazi. Miezi kadhaa baadaye mama mdogo, mjane wake, alinipigia simu. Kwaya ilitaka kuuimba wimbo ule siku ya kujengea kaburi. "Wewe ndiye unayesomea Kiswahili huko chuoni," aliniambia. "Malizia."

Nasoma shahada ya uzamili katika fasihi. Nimechambua nyimbo tangu kidato cha tano, fani upande huu, maudhui upande ule, na sikuwahi kutunga hata mmoja. Makala haya ni uhakiki wa daftari lile. Ni uhakiki pia wa namna tunavyofundishwa kuuona wimbo, kwa sababu ubeti nilioutunga ulinifunulia kosa ambalo miaka yangu yote ya uchambuzi haikuligusa.

Nilianzia bwenini, peke yangu, na simu. Nilijirekodi nikiimba ubeti wa kwanza wa baba mdogo hadi jirani wa chumba akagonga ukuta. Nikatafuta video za kujifunza kinanda, nikajua kodi tatu. Kisha nikafanya kitu pekee nilichokuwa na uhakika nacho: nikahesabu mizani. Kila kipande cha ubeti wa baba mdogo kina mizani 8, vipande viwili katika mshororo. Hiyo ni nyumba ninayoifahamu. Nikaandika:

Ziwa Nyasa latulia, mawimbi yamenyamaza,
Wewe watuachilia, kazi hukuimaliza.

Nane kwa nane, vina vya kati vimekaa, vina vya mwisho vimekaa. Niliuimba mara nyingi, ukanitoa machozi. Nikaamini umekamilika.

Jumamosi moja niliteremka kutoka Mbeya kwa basi, nikapita Tukuyu kwenye baridi na migomba, nikashuka hadi kwenye joto la Kyela, ambako mpunga na michikichi huanza kukupokea kabla hujaufika mji. Mazoezi ya kwaya hufanyika jioni, nje ya kanisa, chini ya mwembe. Walikuwa kama 25, wengi wao akina mama. Nilitamka ubeti wangu, wakanipigia makofi. Kisha wakajaribu kuuimba.

Haukuimbika. Neno la kwanza tu lilisambaratika: nusu yao walianza huku, nusu kule. Wakarudia. Mara ya tatu mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye amemzidi umri mama yangu, alisema kwa upole, "Mwanetu, huyu 'ziwa' anaanguka." Nilidhani anazungumzia maana. Alikuwa anazungumzia mkazo.

Ilinichukua usiku mzima kuelewa. Katika Kiswahili, karibu maneno yote huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Husemi ziWA, unasema ZIwa. Tuni ya baba mdogo, kwa upande wake, haianzi kwa kishindo. Inaanza na nota moja nyepesi, kama mtu anayeinua mguu kabla ya kukanyaga, na kishindo kinaangukia silabi ya pili. Ndiyo maana "ziwa" alianguka: tuni ilimlazimisha kila mwimbaji aseme ziWA nyaSA, na midomo 25 ya watu wanaokijua Kiswahili ilikataa kila mmoja kwa njia yake.

Sasa angalia nusu ya pili ya mshororo uleule: "mawimbi yamenyamaza." MaWImbi: mkazo umekaa palepale tuni inapokanyaga. YamenyaMAza: umekaa tena. Kipande hicho kiliingia chenyewe, bila mtu kukisukuma. Vipande vyote viwili vina mizani 8. Kimoja ni wimbo, kingine siyo. Kipimo nilichofundishwa hakikuweza kuona tofauti hiyo, kwa sababu mizani huhesabu silabi bila kuuliza ipi nzito.

Lakini mbona mimi niliuimba ubeti ule bwenini hadi nikalia? Hilo ndilo fundisho la kwanza la utunzi nililolipata, na sikulisoma popote. Mdomo wa mtunzi unamfichia mtunzi. Unajua alichokusudia, kwa hiyo unapinda, unavuta hapa, unameza pale, unaziba nyufa zote kwa mapenzi. Mdomo wa mtu mwingine hauna mapenzi hayo. Unaimba kilichoandikwa tu.

Nilirudi kwenye daftari nikiwa na jicho jipya. Mwanzoni nililisoma kama msomi anavyosoma hati: nilitafuta dhamira, sitiari, athari za Biblia. Kwa kipimo hicho si kazi kubwa. Nyimbo tatu zinamalizika kwa nota zilezile. Beti nyingi ni mahubiri yaliyokatwa vipande. Besi inapewa maneno machache mno, kama walinzi wa lango. Uzito wa daftari hauko kwenye beti zenyewe, uko pembeni. Kila ukurasa una maandishi madogo ya penseli: "Sauti ya kwanza hawafiki, shusha." "Akina mama wameimba hivi, iache." "Tena wamechoka hapa, wape pumzi." Wimbo wa 12 umefutwa na kuandikwa upya mara nne, na kila ufutaji una sababu yake, na hakuna sababu hata moja inayosema "nimeona." Zote zinasema "wameona" au "wamekataa."

Nimesoma hati za washairi wakubwa zilizochapishwa na maelezo ya wahariri. Sijawahi kuona mtunzi anayeweka kumbukumbu ya kukataliwa kwake kwa uaminifu kama huo. Baba mdogo hakuwa akihifadhi nyimbo tu. Alikuwa akihifadhi namna watu walivyozirekebisha.

Tatizo lake lilikuwa la zamani kuliko yeye. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walipofika Unyakyusa mwaka 1891, walikuja na tuni za Kijerumani. Kijerumani kina maneno mengi ya silabi moja, na mshororo wake unaweza kumalizika kwa kishindo bila taabu. Kiswahili hakiwezi kwa urahisi, wala Kinyakyusa hakiwezi, kwa kuwa nacho huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tafsiri zikafanywa kwa kuhesabu silabi, kama nilivyofanya mimi. Matokeo yake bado yamo makanisani: vizazi vimekua vikiimba majina matakatifu kwa mkazo ambao hakuna anayeutumia anapoomba. Watu wamezoea, na mazoea yana baraka zake. Lakini anayekulia ndani ya nyimbo hizo anaweza kudhani kwamba wimbo ni mahali ambapo lugha inaruhusiwa kuumia kidogo.

Walikuwepo waliolitazama jambo hilo kwa njia nyingine. Wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya," ambao leo umo katika vitabu vya nyimbo vya Walutheri wa nchi nyingi, ni maneno ya Bernard Kyamanywa juu ya tuni ya Kihaya. Tuni ilikuwapo kwanza, ikiwa imeshazoeleka katika vinywa vya watu, na maneno yakaja kukaa ndani yake. Kwa anayejifunza kutunga, hilo ni somo zima: usilete tuni na maneno kutoka pande mbili za dunia ukategemea kwaya iyafungishe ndoa.

Washairi wetu nao hawakulisahau sikio, ingawa tulio darasani tumelisahau. Kaluta Amri Abedi, katika *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri* (1954), alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika halina maana. Tunamkumbuka kwa vina na mizani, kwa sababu hivyo vinaweza kutahiniwa. Ule mgogoro uliokuja baadaye, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa *Kichomi* mwaka 1974, ulihusu kama vina na mizani ni lazima au si lazima. Pande zote mbili zilibishania ukurasa. Nilipokuwa chini ya mwembe nilitambua kwamba ubeti wangu ulitimiza sheria zote za Amri isipokuwa ile aliyoiona kuwa msingi.

Kuna kitabu kingine nilichokirudia msimu ule, *Wasifu wa Siti binti Saad* cha Shaaban Robert. Wengi tumekisoma kama habari ya mtu mmoja aliyejiinua: binti wa Fumba, muuza vyungu asiyejua kusoma, aliyefika Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Shaaban anampenda shujaa wake, na mapenzi hayo humweka Siti mbele peke yake, kama picha ya ukutani. Mwanahistoria Laura Fair, katika *Pastimes and Politics* (2001), anatupa picha ya baraza badala ya picha ya mtu: nyumba ya Siti Ng'ambo jioni, wenzake wa kundi wamekusanyika, mmoja kaja na habari za mahakamani, mwingine za sokoni, na wimbo unatungwa pale kati yao. Picha hizi mbili hazipingani. Siti alikuwa na sauti ambayo baraza lisingeweza kuizaa. Lakini anayemsoma Shaaban peke yake ili ajifunze kutunga atatoka akiamini anahitaji kipaji na subira. Atakosa kujua kwamba alihitaji pia watu saba kwenye mkeka.

Kwa Unyakyusa, mkeka huo una jina. Monica Wilson, aliyefanya utafiti wake huku na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, alikiita kitabu chake *Good Company* (1951), yaani kuwa pamoja vyema. Ndiyo ukwangala: kukaa na wenzako, kula nao, kuzungumza, na kupata hekima kwa mazungumzo hayo. Wavulana wa miaka kama kumi walitoka kwenye kijiji cha baba zao wakajenga chao, rika moja, ili wakue pamoja. Ni kitabu kizuri, nami nakipenda. Ila ukisoma ukiwa binti unagundua upesi kwamba vijiji vile vya rika vilikuwa vya wanaume. Wanawake waliolewa humo, hawakuwa na rika lao la kujenga kijiji. Nilipokaa chini ya mwembe na akina mama wale, wengine wameimba pamoja tangu wakiwa wasichana, nilifikiri: kijiji chao ni hiki. Gregory Barz, alipochunguza kwaya za Dar es Salaam katika *Performing Religion* (2003), alionyesha jinsi kwaya inavyokuwa jamii kamili, yenye viongozi, michango, na watu wa kukuzika. Kwaya ya baba mdogo ndiyo iliyomzika. Mimi sikuwepo.

Jumapili, baada ya ibada, tulikaa tena. Niliwaeleza kuhusu mkazo, nikidhani nimegundua jambo. Walinisikiliza kwa adabu. Yule mama wa sauti ya pili akasema, "Basi sema 'ziwani.'"

Sema mwenyewe, msomaji, uone. ZIwa. Ongeza -ni, mkazo unahama: ziWAni. Silabi moja ya mwisho imehamisha uzito wote wa neno. "Ziwani kumetulia": bado mizani 8, na kila kitu kimekaa. Nimesoma viambishi kwa miaka mingi. Sikuwahi kufikiri kwamba kiambishi cha mahali kinaweza pia kuwa kifaa cha kupangia mapigo.

Mshororo wa pili haukupona. "Wewe" na "kazi" yote mawili yanaanza kwa kishindo, kwa hiyo yalianguka kama "ziwa." Lakini mzee mmoja wa besi, ambaye hakuwa amesema neno tangu jana, alikuwa na sababu nyingine. "Kazi hakuimaliza?" aliuliza. "Na sisi hapa ni nini?" Kimya kikaingia. Nilikuwa nimemwambia marehemu, mbele ya watu aliowafundisha, kwamba ameacha kazi katikati. Nilikuwa nikijisemea mwenyewe, kwa kweli. Ni mimi niliyeacha jambo bila kulimaliza. Sikio lilikuwa limeukataa mshororo ule kabla akili haijajua kwa nini, na sasa sababu zote mbili zilikutana.

Sijui ni nani aliyeanza kusema "mwalimu." Neno hilo lina mkazo mahali panapotakiwa: mwaLImu. Wengine wakaongeza, mimi nikapendekeza neno moja likakataliwa, nikapendekeza jingine likakubaliwa, na kabla jua halijaelekea milimani tulikuwa na ubeti:

Ziwani kumetulia, mawimbi yamenyamaza,
Mwalimu, tumeitika, sauti hazijaisha.

Mhakiki wa vina ataukosoa, na atakuwa na haki. Vina vya kati vimevunjika, vya mwisho vimevunjika. Tuliviacha makusudi, kwa sababu tulipovirudisha tulipoteza mkazo, na kati ya vitu hivyo viwili kwaya ilihitaji kimoja ili iimbe na ingeweza kuishi bila kingine.

Bado palikuwa na jambo moja kwenye daftari ambalo sikulielewa. Katika ubeti wa kwanza, juu ya neno la kuanzia, kuna neno lililokatwa kwa penseli: amisi. Ni maji, kwa Kinyakyusa. Mimi nimekulia Mbeya mjini, Kinyakyusa changu ni cha salamu na cha kuagizia chakula. Nililisoma kwa sauti, harakaharaka, na akina mama wakacheka hadi wakashikana mabega. I ya katikati huvutwa. Kinyakyusa, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, hakina toni, lakini urefu wa irabu ndani yake si pambo. Ukiufupisha umesema kitu kingine au hujasema kitu. Nikalirudia, nikiivuta. Ndipo nikaona kwenye nota ule mstari mdogo unaofuata herufi ya silabi ya pili, alama ya kushikilia. Nota nyepesi, nota ndefu, nota nyepesi. A-mii-si.

Tuni nzima ilitoka kwenye neno hilo. Baba mdogo aliusikia wimbo kwa Kinyakyusa, akaandika maneno kwa Kiswahili ili kwaya za sharika nyingine ziweze kuuimba, akalikata neno lililouzaa. Nilikuwa nimelitafuta chimbuko la wimbo ule kwa kalamu na simu, kwa lugha niliyoibobea, wakati lilikuwa limefichwa ndani ya lugha ambayo sikujisumbua kujifunza. Hakuna video ambayo ingenionyesha hilo. Ilibidi nichekwe.

Sisemi kwamba upweke hauna kazi. "Mawimbi yamenyamaza" nilikipata bwenini, usiku, bila mtu, na hakuna aliyekigusa. Kwaya haikai chini ya mwembe kusubiri maneno yatokee hewani. Mtu lazima alete kitu, hata kibovu, ili kuwe na cha kukataa. Baba mdogo alikuja kila Jumamosi na ukurasa ulioandikwa. Ninachosema ni kwamba kujifunza kutunga peke yako hukufundisha kuandika, na kujifunza na wengine hukufundisha kusikia, na sisi tuliopita madarasani tumepewa la kwanza tukaambiwa ndilo lote.

Siku ya kujengea kaburi waliuimba mara mbili. Mara ya pili, bila kuniambia, walianza ubeti wetu kwa "amisi" badala ya "ziwani." Uliingia bila mshono. Mama mdogo, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, alifunika uso kwa khanga.

Baadaye katibu wa kwaya aliniletea fomu. Wanataka kurekodi, na studio inahitaji jina la mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inatambua kazi yenye watunzi zaidi ya mmoja, nikamweleza hivyo, kwa hiyo tunaweza kuandika majina. Akauliza, ya nani? Tukaanza kuhesabu: baba mdogo, mimi, mama wa sauti ya pili, mzee wa besi, yule aliyesema "mwalimu" ambaye kila mtu alisema ni mwenzake. Katibu aliandika jina la marehemu, akaweka mkato, akaandika jina la kwaya. Hakuniuliza kama nataka langu liwemo, nami sikulisema.

Daftari limerudi kwa mama mdogo. Kabla ya kulirudisha niliandika ubeti wa pili kwenye ule ukurasa mweupe, kwa kalamu, na pembeni yake, kwa penseli, kama alivyozoea: "Wamekataa 'ziwa.' Wamekataa 'kazi.' Iache."